FUNDISHO LA BIOLOJIA: KOBE MDOGO HALII



Fundisho la biolojia la mwezi huu ni juu ya kobe, na namna ya kumchunga mtoto wa kobe.

Wengi wenu munajua habari yenyewe. Siku moja ya posho, kisha mvua za kwanza, wavulana wane wa interna walikuwa wanarudi toka sokoni. Kando ya barabara walikuta watoto wawili wenye kuuzisha makala. Juu ya mfuko wa makala kulikuwa kobe mdogo, urefu wake haupiti kisanduku cha viberiti. Mtoto mmoja akawaambia: «Ba yaya, muuze huyu, bei iko kidogo.» Wakamhurumia, wakachanga franka zao, wakamleta shuleni ndani ya kartoni ya sabuni. Jioni ile wakanifuata nyumbani: «Mwalimu, iko anakula nini? Tulimupa mukate, anakatala. Tulimupa maziwa, anakatala.»

Ulizo lao lilinigusa, kwa sababu si kobe wa kwanza kuingia katika interna yetu. Miaka miwili iliyopita mwingine aliishi chini ya kitanda. Wanafunzi waliniita nimwangalie. Nilimkuta amefunga macho, hatembei. Nikawajibu: «Iko analala tu, musimusumbue.» Kisha siku nne wakaniletea amekufa, ni mwepesi sawa gamba tupu. Hakuwa analala. Alikuwa anakufa kwa kiu na baridi, na mimi mwalimu wa biolojia sikujua. Tangu siku ile nimejifunza mambo haya, na sasa ninawaandikia ili kosa langu lisirudie.

Mbuzi mwenye njaa analia. Mbwa mgonjwa anapiga kelele. Kuku akikosa maji anakuja mpaka mlangoni. Lakini kobe halii. Anakaa kimya mpaka mwisho. Njo neno kubwa la fundisho hili: mwenye kuchunga kobe anapashwa kumwangalia kila siku kwa macho yake, kwa maana kobe hatamwita.

1. KOBE WETU NI WA AINA GANI?

Kwanza tusichanganye kobe wa maji na kobe wa inchi kavu. Tazameni miguu. Kobe wa maji ana vidole virefu vyenye ngozi katikati, anaogelea. Kobe wa inchi kavu ana miguu minene sawa miguu ya tembo. Huyu wa pili ukimtia katika ndoo ya maji mengi, atazama na kufa. Kobe wetu ni wa inchi kavu.

Jina lake la sayansi ni Kinixys spekii. Mtaalamu Mwingereza John Edward Gray alimwandika mwaka 1863, na jina spekii ni ukumbusho wa msafiri John Hanning Speke, aliyefika Ziwa Tanganika pamoja na Richard Burton mwaka 1858. Kobe huyu anaishi katika pori letu la Katanga, tena katika Zambia, Tanzania na inchi zingine za jirani. Katika misitu mikubwa ya Kongo, kama vile Ituri, kuna ndugu yake Kinixys erosa, mkubwa kuliko huyu na mwenye kupenda sana unyevu.

Jamaa hii ya Kinixys ina jambo la kushangaza. Mkubwa anaweza kukunja sehemu ya nyuma ya gamba lake, kama vile mlango unavyojifunga, na kuficha miguu ya nyuma na mkia. Lakini mtoto hazaliwi na mlango huo. Unatokea polepole wakati anakomaa. Kwa hiyo mtoto wa kobe ni chakula chepesi kwa kunguru, kenge, panya na siafu. Musifikiri kwamba analindwa na gamba. Kwa sasa analindwa na ninyi.

2. GAMBA SI NYUMBA, NI MWILI

Watu wengi wanafikiri kwamba kobe anabeba nyumba, kwamba anaweza kutoka na kuingia. Si kweli. Gamba ni mifupa yake. Mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo, vipande zaidi ya 50, na juu ya mifupa kuna ngozi ngumu sawa kucha. Ndani kuna damu na neva. Ukimgusa juu ya gamba, anasikia.

Kwa hiyo:
– Musitoboe gamba ili kutia kamba. Ni sawa kutoboa mbavu ya mtu.
– Musipake rangi wala kuandika jina juu yake.
– Musipake mafuta ya mawese ili ling'ae. Mafuta yanashika uchafu na hayamsaidii kitu.
– Musimgeuze mgongo chini kwa kucheza. Mbavu zake hazitanuki sawa zetu. Anapumua kwa nguvu ya nyama za mwili karibu na miguu, na akiwa amegeuka, matumbo yanakandamiza mapafu.
– Musimwangushe. Mshikeni kwa mikono miwili, karibu na udongo.

Wengine waliniuliza kama tunaweza kuhesabu mistari ya gamba ili kujua miaka yake. Hapana. Mistari inaonyesha vipindi vya kukua. Mwaka mmoja unaweza kuleta miwili au mitatu. Tena ni vigumu kujua sasa kama ni dume ao jike. Tutajua akikomaa: dume ana mkia mrefu na tumbo lenye kuingia ndani kidogo.

3. PAHALI PAKE PA KUKAA

Kartoni ya sabuni haifai. Inalowana, inaoza, na harufu ya sabuni inabaki ndani. Tulitengeneza sanduku la mbao, urefu metre 1, upana sentimetre 60, kimo sentimetre 40. Ndani tulitia:

– Udongo wa chini ya miti uliochanganywa na majani makavu, kimo sentimetre 8 hivi. Usiwe mchanga mtupu, wala udongo wa shamba lenye mbolea ya dukani.
– Kipande cha nyungu iliyovunjika, kimegeuzwa, awe na pahali pa kujificha. Kobe asiye na pahali pa kujificha anaishi katika woga, na mwenye woga hali.
– Upande mmoja tunanyunyizia maji kila asubuhi, upande mwingine tunauacha mkavu. Atachagua mwenyewe.
– Juu, wavu wa chuma juu ya panya na kunguru.
– Miguu ya sanduku inasimama ndani ya mikebe minne yenye maji, juu ya siafu. Siafu wakimkuta usiku, asubuhi hamutakuta kitu.

4. MAJI

Hapa njo pahali nilipokosea mimi. Nilisikia tangu utoto kwamba kobe hanywi maji. Ni uongo. Mkubwa anaweza kuvumilia siku nyingi, lakini mtoto ni mdogo sana, maji ya mwili wake yanakauka upesi.

Mara tatu kwa juma, na kila siku wakati wa jua kali, mtieni katika sahani yenye maji ya vuguvugu. Maji yafike chini ya kidevu tu, yasipite pale. Aketi dakika 10 au 15, na mtu mmoja abaki karibu mpaka mwisho. Mutaona anashusha kichwa na kunywa. Mara nyingi atajisaidia ndani ya maji. Kama munaona kitu cheupe na laini, musiogope. Ni mkojo wake. Lakini kama kile cheupe ni kigumu, sawa mchanga, ni alama kwamba ana kiu tangu siku nyingi. Ongezeni maji.

Ndani ya sanduku kuwe pia kifuniko cha mkebe chenye maji safi, kilichozikwa sawasawa na udongo ili aweze kupanda na kutoka. Maji yabadilishwe kila siku.

5. JUA NA BARIDI

Sisi tunafanya joto ndani ya mwili wetu. Kobe anaazima joto kwa jua. Akiwa baridi, tumbo lake halifanyi kazi, na chakula kinakaa ndani pasipo kusagwa. Joto linalofaa wakati wa mchana ni kati ya 25 na 30.

Kila asubuhi tunamtosha inje, saa moja hivi, pahali penye jua na kivuli pamoja. Jua linasaidia ngozi yake kutengeneza vitamini D, na pasipo vitamini hii chokaa ya chakula haiwezi kujenga mifupa. Jua linalopita katika kioo cha dirisha halitoshi: kioo kinazuia ile mishale ya jua yenye kufanya kazi hiyo.

Lakini angalieni! Musimwache ndani ya beseni, chupa ao kopo juani. Hakuna kivuli pale, na kwa muda mfupi atakufa kwa joto. Wengi wanakufa namna hii, na wenyewe wanasema «tulimuweka tu juani».

Katika Lubumbashi tuko karibu metre 1.200 juu ya bahari. Mwezi wa sita na wa saba usiku baridi inaweza kushuka chini ya 10. Katika pori kobe mkubwa anajificha kipwa yote chini ya majani, katika shimo ao kichuguu, na kungojea mvua. Mtoto aliye ndani ya sanduku hawezi kuchimba namna hiyo. Usiku wa baridi sanduku liingie nyumbani, lifunikwe na blanketi nzee, lakini hewa ipite.

6. CHAKULA

Wale wavulana walitoa mkate na maziwa juu ya upendo. Walimpa chakula kizuri cha mtu. Lakini upendo unapashwa kuuliza kwanza: huyu anakula nini kwao?

Kwao, katika pori, kobe wa jamaa ya Kinixys anakula majani, matunda yaliyoanguka, uyoga, konokono, jongoo na vidudu. Basi tunampa:

– Kila siku: lenga-lenga, matembele, majani laini ya pori na maua yake. Yakatwe vipande vidogo, yaoshwe.
– Mara mbili kwa juma: kipande kidogo cha papai ao embe, na uyoga ule tunaokula sisi wenyewe.
– Mara moja ao mbili kwa juma: konokono mdogo, mnyoo wa udongo, ao kumbikumbi wakati wanaruka. Wasitoke katika shamba lililopulizwa dawa.
– Mara mbili kwa juma: unga wa ganda la yai lililochemshwa, kukaushwa na kusagwa, kidogo sana juu ya majani. Njo chokaa ya mifupa yake.

Kipimo cha siku ni kama ukubwa wa gamba lake. Mabaki yatoshwe jioni, yasioze.

Tusimpe: mkate, bukari, wali, biskuti, maziwa, samaki wa chumvi, wala chakula cha mbwa. Tena tusimpe sombe mbichi. Mama zetu wanaitwanga na kuipika muda mrefu kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi. Majani ya avoka pia tuyaache. Na mmoja wenu aliyeniuliza kama chaki ya ubao inaweza kuwa chokaa yake: hapana, chaki nyingi za shule zimetengenezwa na jipsi, si chakula.

7. NAMNA YA KUSIKIA ASIYELIA

Kwa kuwa kobe halii, tumeanzisha kaye ya kobe. Kila siku mwenye zamu anaandika: amekula nini, amekunywa, amejisaidia, macho yako namna gani. Kila siku ya posho tunampima kwa mizani ya laboratware. Tuliandika gramu 28, tena 28, kisha 30, kisha 33. Hesabu hizi njo sauti yake. Zikishuka majuma mawili mfululizo, ni kilio.

Alama zingine za hatari:
– Macho yamevimba ao hayafunguki hata mchana wa joto.
– Povu puani, ao anapumua mdomo wazi. Kobe hawezi kukohoa vizuri, kwa hiyo ugonjwa wa mapafu unamwua pasipo kelele.
– Mguu haurudi ndani ukiugusa.
– Gamba linazidi kuwa laini. (Aliyezaliwa juzi analo laini kidogo, lakini kila mwezi linapashwa kukaza.)
– Hakula siku tatu, na hakuna baridi.

Mukiona moja ya haya, musiseme «iko analala». Mtieni katika maji ya vuguvugu, mumpeleke pahali pa joto, muniite siku ileile. Musimpe vidonge vya watu. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina fakilte ya waganga wa nyama. Ni heri kuuliza kule kuliko kujaribu dawa bila kujua.

8. MIKONO YETU

Kobe anaweza kubeba ndani ya matumbo mikrobi inayoitwa salmonela. Yeye hagonjwi, lakini mtu anaweza kupata kuhara, homa na maumivu ya tumbo, na kwa watoto wadogo inaweza kuwa hatari kubwa. Katika Marekani watoto wengi walipata ugonjwa huo kwa kobe wadogo, hata serikali yao ikakataza tangu mwaka 1975 kuuzisha kobe wenye gamba lisilofika sentimetre 10.

Basi: kila mwenye kumgusa anawe mikono na sabuni mara moja. Asimbusu. Kobe asiingie jikoni wala katika chumba cha kulia. Sahani yake iwe yake peke yake. Maji yake yamwangwe katika choo, si karibu na kisima.

9. JE, TUNA HAKI YA KUMSHIKA?

Hili ni ulizo gumu, na sitaki kulificha.

Wavulana wetu walinunua kwa huruma. Lakini tufikiri juu ya yule mtoto wa makala. Jioni ile alirudi kwao na franka mkononi. Kesho atafanya nini? Atatafuta kobe mwingine, na rafiki zake watamfuata. Huruma yetu imekuwa soko. Mkinunua mmoja, munaita wawili. Kwa hiyo tumepatana: huyu njo wa mwisho. Tutakayemkuta tena barabarani, tutasema na mtoto kwa upole, tumweleze amrudishe pale alipomtosha.

Sheria nayo inasema. Inchi yetu imo katika mapatano ya CITES tangu mwaka 1976, na kobe wote wa inchi kavu wamo katika orodha zake juu ya biashara ya kupita mipaka. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 inalinda viumbe vya pori vya Kongo, na ICCN njo yenye kazi ya ulinzi huo. Kobe si kitu cha kuchezea.

Tena kuna jambo la wakati. Kobe anaweza kuishi miaka makumi. Ninyi muko hapa miaka michache, na kila mwezi wa saba munarudi kwenu. Nani atamchunga wakati wa likizo kubwa? Yule wa kwanza alikuwa «wa interna yote», maana yake hakuwa wa mtu.

Tulikutana na wale wavulana wane na Baba Prefe, tukapatana hivi. Kobe atabaki wakati wa mvua, zamu ikifuatwa. Hatutamchanganya na kobe wengine, asipate wala asipeleke ugonjwa. Wavulana wamemwuliza mtoto wa makala pahali hasa alipomkuta. Mbele ya mvua kuisha, kama uzito umeongezeka na ni mzima, tutamrudisha katika pori lile la jirani, upande ambao miti haijakatwa, penye majani mengi na vichuguu, mbali na moto wa kipwa. Hatutampeleka kwingine. Kama ana ugonjwa, hatutamwacha porini. Tutauliza waganga wa nyama.

Mmoja alisikitika: «Mwalimu, kama tutamurudisha, tunamuchunga juu ya nini?» Nilimjibu: juu ya yeye, si juu yetu.

Katika Mezali 12:10 tunafundishwa kwamba haki ya mtu inaonekana hata kwa namna anavyojua mahitaji ya mnyama wake. Kujua njo kazi. Si vigumu kumsikia mwenye kulia. Lakini katika kalasi zetu pia kuna wenye kukaa kimya: yule asiyekula toka jana, yule mwenye homa anayesema «niko muzima». Mwenye kujifunza kumwangalia kobe, amwangalie na ndugu yake wa kitanda cha jirani.

MAULIZO

1. Kobe wa inchi kavu na kobe wa maji wanapambanuliwa namna gani?
2. Kwa nini kutoboa gamba la kobe ni kumwumiza?
3. Taja vyakula vitatu vinavyomfaa mtoto wa kobe na vitatu visivyofaa. Eleza juu ya sombe mbichi.
4. Uzito ni gramu 33, kisha 31, kisha 29. Utafanya nini siku ileile?
5. Rafiki yako anataka kununua kobe kwa huruma. Utamwambia nini?

Majibu yaletwe kwangu mbele ya siku ya tano ya juma lijalo. Wenye kutaka zamu ya mwezi ujao waandike majina yao katika kaye ya kobe, mlangoni pa laboratware.

Mwalimu wa Biolojia